Mkaguzi wa Viazi Lishe

Siku waliyong'oa viazi vya Oswald, kikundi kizima kilifika shambani na majembe, na hakuna aliyemtazama Oswald usoni. Walikuwa wanachama kumi na wawili, wote wa kijiji cha Kabuyange, mbele kidogo ya Simbo, na wote walikuwa wamepunguza mihogo yao ili wapate nafasi ya zao jipya: viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, ambavyo Bi Mwanamvua wa Ujiji alikuwa akivikausha na kuvisaga unga wa uji wa watoto. Mashamba yao yalipakana. Ndiyo maana walikubaliana tangu mwanzo kwamba shamba la yeyote likiingiwa na fukusi litang'olewa lote, na mabaki yatachomwa, kabla mdudu hajahamia kwa jirani.

Aliyegundua alikuwa Nikodemu Ndayisenga, mkaguzi wa kikundi, mtu mwembamba wa miaka arobaini na mitatu aliyezungumza taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Ukaguzi haukuwa na malipo. Kila asubuhi alizunguka mashamba yote kumi na mawili akifukia nyufa za matuta kwa wayo wa mguu, maana fukusi hajui kuchimba. Anasubiri ardhi ipasuke ndipo ashuke kwenye kiazi. Alitundika vidumu alivyovikata dirisha ubavuni, ndani maji ya sabuni, juu yake kipande cha mpira chenye harufu ya fukusi jike. Madume walifuata harufu, wakatumbukia. Mwanzoni kijiji kizima kilimcheka kwamba anawaozesha wadudu. Walipovuna mara ya kwanza viazi safi, bila kunyunyiza hata kijiko cha dawa, hawakucheka tena.

"Tazameni," alisema asubuhi hiyo, akakipasua kiazi kwa panga. Ndani kulikuwa na vijia vyeusi vilivyopindapinda, na kifunza mweupe akajikunja kwenye mwanga. Harufu yake chungu iliwafikia hata waliosimama mbali.

"Nilikuwa nasubiri bei," alisema Oswald. "Wiki mbili tu."

"Kiazi kikikomaa hakikai, Mzee Oswald. Udongo ukikauka unapasuka, na yeye anaingia."

"Wewe!" Oswald alimnyooshea kidole. "Umeletwa hapa umefungwa mgongoni kwa mama yako, mnakimbia kwenu. Baba yangu ndiye aliyewapa pa kulala. Leo wewe ndiye wa kunipangia shamba langu?"

Watu waliangalia chini. Mwinshehe, mwenyekiti wa kikundi, alikohoa, akasema, "Haya, tuanze kazi jua halijawa kali." Basi wakaanza. Hakuna aliyesema kwamba maneno yale hayakuwa mazuri.

Jioni yake Nikodemu alikata marando ya kupanda kwenye shamba lake mwenyewe, ncha changa tupu, maana shina la chini ndilo mdudu analotagia. Akafunga mzigo na kuuweka begani.

"Unampelekea nani?" aliuliza mkewe, Verediana.

"Oswald."

"Mtu amekutukana mbele za watu, na wewe unambebea mbegu?"

"Shamba lake likikaa tupu litaota magugu, Mama Tuyi. Fukusi atajificha humo." Alisimama kidogo mlangoni. "Halafu kweli baba yake alitupokea. Hakusema uongo."

*

Wiki tatu baadaye msako ulifika Kabuyange. Redio ilikuwa imetangaza tangu mwanzo wa mwezi kwamba wageni wote wasio na vibali waondoke wenyewe, la sivyo wataondolewa. Nikodemu alisikia, akazima redio ili kutunza betri. "Wanatafuta majambazi wa porini," alimwambia binti yao Tuyizere, aliyekuwa kidato cha pili. "Sisi tuna shamba."

Walikuja saa tatu asubuhi: wawili wenye sare, na mgambo mmoja wa kijiji kingine. Nikodemu alikuwa katikati ya matuta, Verediana akipalilia nyuma yake. Tuyizere alikuwa shuleni.

"Ndayisenga ni nani hapa?"

"Ni mimi. Karibuni."

"Umezaliwa wapi?"

"Burundi. Nilifika hapa nina miaka miwili."

"Kibali?"

"Karatasi ilikuwa kwa mama. Iliungua na nyumba. Mama mwenyewe amelala kaburini pale kanisani."

"Basi kamwulize huko," alisema yule kijana zaidi, na mwenzake akacheka. Alifungua daftari. "Hebu hesabu kwa Kiha, moja mpaka kumi."

Nikodemu alihesabu, jembe likiwa bado mkononi, mtu mzima mwenye mvi akihesabu mbele ya mkewe kama mtoto wa chekechea.

"Hicho ni Kirundi."

"Ni Kiha," alisema Verediana. "Mimi ni Muha, baba yangu Muha, babu yangu Muha. Kuhesabu kunafanana."

"Mama, wewe hukuulizwa."

Nikodemu aliomba jambo moja tu, anawe miguu, kwa kuwa ilikuwa imejaa udongo mpaka magotini. Yule kijana akamwambia kwamba huko aendako kuna mito. Akapanda gari na miguu ile ile, pekupeku. Kabla halijaondoka aligeuka akasema, "Mtego wa kwa Hadija umejaa fukusi. Mwambieni amwage." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ndani ya Kabuyange.

*

Kaka yake Verediana, Bonaventura, alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Alimkuta dada yake ameshafika mlangoni kwake anahema.

"Waliokamatwa wako uwanja wa ofisi ya kata," alimwambia. "Wanakusanywa mpaka alasiri, halafu Manyovu, mpakani. Nimeuliza. Wanataka watu watatu wasio ndugu, waandike kwamba wanamfahamu na ameishi hapa. Mimi shemeji yake sihesabiwi."

"Watatu tu? Kikundi kina watu kumi na mmoja."

"Basi kimbia."

Alianza kwa Mwinshehe. Mwinshehe alimkaribisha vizuri, akamwagizia maji ya kunywa, kisha akasugua magoti yake kwa muda mrefu. "Mama Tuyi, mimi na Baba Tuyi ni kama ndugu, unajua. Lakini babu yangu mimi alitoka Kongo, akaja Ujiji na misafara. Nikisimama pale, wataniuliza na mimi karatasi ya babu. Nitaitoa wapi?"

Kwa Hadija aliambiwa kwamba kijana wao ameomba jeshi, na majina ya wazazi yanachunguzwa. Hadija alilia sana wakati akisema hivyo, mpaka Verediana akajikuta yeye ndiye anayembembeleza. Nyumba ya tatu hakuwepo mtu, ingawa ndala zilikuwa mlangoni na sufuria ilikuwa ikichemka. Ya nne waliahidi kufika baada ya kula. Hawakufika.

Oswald alikutana naye njiani. Alikuwa anakuja mbiombio, kofia mkononi.

"Mama Tuyi, nimesikia. Nikaandike wapi?"

Verediana alisimama. Maneno yakamtoka yote pamoja. "Umeshaandika! Si wewe uliyempeleka? Umeng'olewa viazi, ukaona umng'oe na yeye! Furahi basi, nenda ukafurahi!"

"Sikumtaja. Naapa mbele ya Mungu, sikumtaja."

"Nani mwingine anayekumbuka alibebwa mgongoni? Nani mwingine katika kijiji hiki?" Akatema mate chini, mbele ya miguu ya mzee yule, akampita.

Ofisini hakuruhusiwa kuingia uwanjani. Alisukumwa hadi chumba cha karani, binti mmoja mpole ambaye alikuwa akinakili majina. Verediana alitaka jambo moja tu, aonyeshwe nani amemtaja mumewe. Karani aliangalia mlangoni, kisha akamgeuzia karatasi.

"Hajatajwa na mtu, mama. Waliomba fomu za vikundi vyote, zile mlizojaza mwaka jana mkisajiliwa. Nimezinakili tu kama zilivyo."

Fomu yenyewe ilikuwa chini ya orodha. Verediana aliutambua mwandiko kabla hajasoma neno. Ulikuwa wake. Nikodemu ndiye aliyemwomba amjazie, kwa sababu mwandiko wake yeye ulikuwa unachechemea. Jina kamili. Ukubwa wa shamba. Mahali pa kuzaliwa. Pale alikuwa ameandika, kwa herufi nzuri zilizolala upande mmoja kama alivyofundishwa na masista: *Makamba, Burundi*. Hapakuwa na mtu aliyemlazimisha. Angeweza kuacha mstari mtupu. Mbele ya jina la Mwinshehe mstari ulikuwa mtupu.

Alitoka mbio akirudi njiani kumtafuta Oswald, akimwita kwa sauti. Alimkuta mbali, amekaa kando ya barabara. Waliporudi ofisini wawili hao, Oswald akihema na kushika ubavu, uwanja ulikuwa umebaki na alama za matairi tu na kiatu kimoja cha mtoto.

*

Siku tisa baadaye simu ya Bonaventura iliita kwa namba ya ng'ambo. Nikodemu alikuwa Nyanza-Lac, upande wa Burundi kando ya ziwa, kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mawese, akibeba mikungu ya chikichi. Makamba kwenyewe alikuwa ameenda, akauliza jina la baba yake mpaka akachoka. Shamba la ukoo lilikuwa na watu wengine wenye watoto na wajukuu.

"Unakula?" aliuliza Verediana.

"Nakula. Maji ya mitego mnabadilisha?"

"Tunabadilisha."

"Mpira wa harufu unakufa baada ya miezi miwili. Mwambie Mwinshehe aagize mapema." Kisha salio likaisha, au alikata. Hakujua.

Verediana alibadilisha maji ya kwake, yeye na Tuyizere, na jioni walifukia nyufa. Lakini mashamba yalikuwa kumi na mawili. Kila mmoja wa wale wengine alikuwa na mihogo yake, dagaa wake, msiba wake wa kwenda, na kila mmoja alidhani mwenzake anakagua. Kiangazi kilikaza. Matuta yakapasuka kama visigino. Harufu ya mipira ilikwisha na hakuna aliyejua inaagizwa wapi, maana Nikodemu ndiye aliyekuwa akipanda baiskeli kwenda kumwona bwana shamba mjini.

Fukusi alipoonekana, Mwinshehe alitafuta mtu wa Gungu mwenye pampu ya mgongoni. Mtu huyo alinyunyiza siku mbili, majani yakang'aa, mashamba yakanuka mpaka kisimani. Juu ya ardhi wadudu walikufa. Ndani ya kiazi, ambako dawa haifiki, vifunza viliendelea kula. Nyuki wa Hadija walianguka milangoni mwa mizinga, na Hadija akawafagia kwa ufagio wa chelewa.

Bi Mwanamvua alikuja mwenyewe kwa bodaboda siku ya kuvuna, kanga yake imefungwa vizuri kiunoni. Alichagua kiazi kimoja kutoka kila rundo, akakipasua, akakinusa. Alipofika kwenye rundo la Verediana alichukua muda zaidi. Viazi vya Verediana vilikuwa nusu kwa nusu. Alikuwa amepambana, lakini fukusi wa majirani walishavuka.

"Nimesikia mmenyunyiza dawa," alisema hatimaye.

"Kidogo tu, Bi Mkubwa," alisema Mwinshehe.

"Huu unga wangu unakwenda kwa watoto wanaopimwa uzito kliniki. Niwape vichungu, au niwape vyenye dawa? Nichagulie wewe." Akakirudisha kiazi kwenye rundo. "Mlikuwa na yule bwana mmoja, mwembamba. Yuko wapi?"

Watu kumi na mmoja walisimama mbele ya marundo yao. Verediana alisubiri mmoja wao ajibu.

"Amesafiri," alisema Mwinshehe.

*

Ni kikundi kilichomchangia Verediana nauli ya kumfuata mumewe. Walimwita kwenye banda la kuhifadhia mbegu, wakamweka kwenye kiti cha plastiki, na Mwinshehe akazungumza kwa heshima kubwa. Mambo yametulia sasa, alisema. Bonaventura amesema kuna utaratibu wa kuomba karatasi upya. Safari hii wote watasaini, wote.

"Kamlete mwenzetu," alisema. "Na kama atashindwa kuja, basi akuandikie namna. Hatua kwa hatua. Mpira unaagizwa wapi, nyufa zinafukiwa lini. Usisahau kalamu."

Alimpa daftari jipya. Oswald, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, alitazama kofia yake.

Verediana alipanda boti ya abiria bandarini Kibirizi asubuhi, ikamwacha Kagunga, kijiji cha mwisho kabla ya mpaka. Kutoka hapo alitembea, kisha akapata pikipiki. Kwenye kizuizi askari wa Burundi alimuuliza anakwenda kwa nani, akajibu kwa Kiha, na askari akamjibu kwa Kirundi, wakaelewana bila shida. Yeye hakuombwa kuhesabu.

Nikodemu alikuwa anashusha mikungu kwenye mkokoteni alipomwona. Alifuta mikono yenye mafuta kwenye suruali, mara mbili, mara tatu, kama vile mikono ingekuwa safi kila kitu kingekuwa sawa. Alikuwa amekonda zaidi. Bega la kulia lilikuwa na kovu jipya la miiba ya chikichi.

"Tuyi?" aliuliza.

"Hajambo. Amekuwa wa pili darasani."

Aliitikia kwa kichwa, akageuka upande.

Msimamizi alimruhusu nusu saa. Walikaa kwenye gogo nyuma ya ghala alimokuwa akilala juu ya magunia. Verediana alikuwa amepanga safari nzima namna ya kulisema lile jambo, lakini lilimtoka bila mpango. Ilikuwa fomu. Ni yeye aliyeandika. Mtu mwingine hakumtaja.

"Najua," alisema Nikodemu.

"Unajua?"

"Walinionyesha uwanjani. Nikauona mwandiko wako." Alimshika mkono, wake ukiwa na mafuta na wa mkewe ukiwa mkavu. "Uliandika kweli. Sijawahi kukasirika juu ya hilo hata siku moja, Mama Tuyi. Lilia lingine, hilo usililie."

Alilia hata hivyo. Alipotulia alimweleza yote: karatasi mpya, Bonaventura, saini za kikundi kizima. Nikodemu alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilisimama uwanjani tangu saa nne mpaka saa tisa," alisema. "Uzio wenyewe ule wa miti, unaona barabara yote. Nilimwona Mwinshehe anapita na baiskeli. Nikamwita. Akasimama, akainama kutazama mnyororo. Nikamwita tena. Akaendelea kutazama mnyororo, mpaka nikaona haya mimi, nikanyamaza. Mnyororo haukuwa na kitu. Ile baiskeli nimeitengeneza mimi mwenyewe juzi yake."

"Aliogopa."

"Najua aliogopa. Simlaumu. Lakini nikirudi nitakagua shamba lake kila asubuhi, naye atanipa habari za asubuhi, na kila gari likiunguruma nitaanza kujiuliza nani atainama leo. Siwezi. Nimejaribu kujiona pale, nimeshindwa. Hapa wananiita Mtanzania, wananicheka ninavyoongea. Lakini hawa sikuwahi kudhani ni ndugu zangu."

Verediana alisubiri amwambie, basi baki nami, mlete na mtoto. Angebaki. Hata siku hiyo hiyo angebaki, na nguo alizovaa. Lakini Nikodemu aliyafikiria magunia yale, akamfikiria Tuyizere na kidato chake cha pili, na akaona hana haki ya kuomba. Yeye alikuwa akisubiri mkewe aseme mwenyewe kwamba atabaki. Walisubiriana hivyo, kila mmoja amefunga mdomo kwa huruma ya mwenzake, na msimamizi akapiga kengele ya chuma.

"Daftari hilo la nini?" aliuliza Nikodemu.

Alimweleza. Alitegemea akatae, na moyoni alitaka akatae. Nikodemu alichukua kalamu, kisha akamrudishia.

"Andika wewe," alisema. "Mwandiko wangu hausomeki."

Akamtajia yote, amesimama, msimamizi akiita. Ncha changa tu, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Shamba usiliache tupu likaota magugu. Fukia nyufa kila wiki, na kila baada ya mvua kukatika. Mtego mmoja kila pembe. Vuna kikikomaa, usisubiri bei. Mabaki usiyaache hata mzizi. Jina la bwana shamba na namba yake ya simu. Na mwisho akasema, "Waambie wasinyunyize. Wakinyunyiza wanaua na sisimizi, na sisimizi wanakula mayai ya yule mdudu." Alimkabidhi mkewe kwa dereva wa pikipiki kama mtu anayemkabidhi mgeni wa heshima, akarudi kwenye mkokoteni wake. Verediana aligeuka mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameshaingia ndani.

*

Aliposhuka barabarani Kabuyange walikuwa wanamsubiri. Hakuachwa hata apite nyumbani. Mwinshehe alipokea mfuko wake, akatazama nyuma yake, barabara tupu, akasema, "Ah," kisha, "Na namna?"

"Nimeandika."

Wakaingia bandani. Alisoma mstari kwa mstari, na wao wakanakili kwenye madaftari yao. Waliuliza maswali mazuri. Kama mvua haijakatika je? Sabuni ya unga au ya mche? Hadija aliuliza habari za sisimizi mara mbili ili aelewe sawasawa. Namba ya bwana shamba ilisomwa, ikarudiwa, ikahakikiwa. Mwinshehe aliposimama kumshukuru kwa niaba ya kikundi, watu walipiga makofi, na makofi yalikuwa ya kweli; walikuwa wamefurahi, walikuwa wameona msimu mwingine mbele yao. Wakaanza kusogeza viti.

"Mama Tuyi."

Alikuwa Oswald, nyuma kabisa. Hakuwa ameandika chochote.

"Na yeye mwenyewe," alisema, "anakula? Ana pa kulala?"

Viti vikaacha kusogea. Verediana alikuwa amejibu maswali mengine yote kwa adabu; hili alifunga daftari kwanza.

"Analala ghalani," alisema. "Juu ya magunia. Anabeba chikichi."

"Na kurudi?"

"Harudi."

Mwinshehe alikuwa ameinamisha kichwa. Oswald alinyanyuka taratibu, akavaa kofia, akaja mbele akachukua mfuko wa Verediana kutoka pale ulipowekwa.

"Mtoto umeshamwambia?"

"Bado. Sijafika nyumbani."

"Basi twende. Usiende peke yako."

Walitoka wawili, wakapita katikati ya mashamba yaliyong'olewa. Oswald alitembea mbele kidogo na mfuko begani, kwa hatua fupi za mtu mwenye ubavu mbovu. Jua lilikuwa mgongoni mwao, na kwa upande wa nyumba mtu angeona vivuli tu: mwanamke, na mwanamume aliyebeba mzigo wake.

Tuyizere alikuwa uani akianua nguo. Alisimama, akakinga macho kwa mkono. Kisha akaziachia zile nguo chini na kuanza kukimbia kuwalaki, sare ya shule ikipeperuka, akipiga kelele neno moja, baba, ambalo upepo ulilifikisha wazi kabisa. Oswald alisimama. Alivua kofia haraka ili mtoto amwone uso mapema, lakini Tuyizere alikuwa bado mbali, na aliendelea kukimbia.

"Mungu wangu," alisema mzee yule.

Tuyizere alifika nusu ya njia ndipo miguu yake ilipoanza kupunguza mwendo.